Beseni la Manjano Dirishani

Mimi si mtu wa kungoja. Wanaonijua wanajua. Naendesha lori la kubeba majani mabichi kutoka vituo vya wakulima hadi kiwandani, huku upande wa Mogogosiek kwa Wakipsigis, na majani ya chai hayamngoji mtu. Yakikaa ndani ya gunia yanaanza kupata moto yenyewe, yanageuka mekundu, na kazi ya akina mama ya asubuhi nzima inakwenda bure. Kwa hivyo nimezoea kukimbizana. Nikikalishwa kitini, goti linaanza kucheza lenyewe. Mke wangu husema nililelewa juu ya injini.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umwambie asimame nje ya wodi, asifanye kitu, asiulize kitu, na tena asionekane. Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa na nesi mmoja, na mpaka leo nikimkumbuka namwombea heri.

Lakini nianzie jikoni, maana ndiko mambo yalikoanzia.

Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, akaambiwa asiinue hata sufuria ya chai. Mama yake akatoka Kisii kuja kumsaidia. Sisi ni Wagusii. Baba yangu alikuja huku akiwa kijana kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, mimi nikazaliwa kambini, na Kikipsigis nakiongea mpaka watu wananiuliza ukoo. Lakini mila za kwetu baba alikuja nazo zote, hakuacha hata moja nyuma, na kubwa kuliko zote ni ile ya mkwe. Tunaiita ensoni, yaani aibu na heshima zikiwa kitu kimoja. Mama mkwe humshiki mkono. Halali ndani ya nyumba yako. Hali chakula ukiwa unamtazama. Kitanda chake hukioni, na chako hakioni. Usiniulize ni nani aliyeyaanzisha hayo. Mimi nimezaliwa nikayakuta, na hata kuyafikiria kuyavunja kunanisisimua mwili.

Basi nikamtengenezea chumba jikoni. Jiko letu ni nyumba ya mbao iliyo peke yake, karibu na kibanda cha ng'ombe. Nikapiga ukuta katikati, nikatoboa mlango wake mwenyewe, na kitanda kikaingizwa na majirani mimi nikiwa kazini.

Tulielewana sana na yule mama, kwa namna yetu. Hakuwahi kuniita wala kunitazama usoni. Alikuwa anaongea na hewa. Nikiwa uani nafunga viatu ili nitoke, nasikia sauti kutoka jikoni: "Kama kuna mtu anaondoka bila chai, baridi ya leo si ya mchezo." Nami naijibu hewa hiyo hiyo: "Kama kuna chai, itanywewa." Kikombe kinaletwa na mtoto wa jirani. Mke wangu akitusikia anashika kichwa.

"Nyinyi wawili mtanitia wazimu! Si muongee tu kama watu?"

Tulikuwa tunaongea kama watu. Yeye ndiye hakuwa anasikia.

Asubuhi moja hewa ilinyamaza. Nilifunga kiatu cha kwanza, nikafunga cha pili, kimya. Nikamwita mke wangu akaangalie. Nilisikia yowe lake, nikajua. Mama alikuwa sakafuni kando ya sufuria ya uji, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia hausikii kitu. Kiharusi. Majirani wanawake wakaja mbio wakambeba ndani ya blanketi mpaka kwenye gari la mzee mmoja wa karibu. Na mimi? Mimi nina mikono inayorusha magunia ya majani kutwa nzima, na siku hiyo kazi yangu ilikuwa kufungua geti.

Hospitalini hali haikuwa nyepesi. Mke wangu hakuweza kukaa huko, ana mshono na mtoto mchanga. Kaka yake wa pekee yuko Uarabuni kwa kazi ya ujenzi. Majirani walikuja walivyoweza, lakini kila mtu ana ng'ombe wake na chai yake. Nikaomba likizo. Nikabaki mimi, mtu mmoja tu, na ndiye asiyefaa.

Kila mtu anajua wodi zetu. Manesi ni wachache na wagonjwa wamejaa, kwa hiyo jamaa ndiye anayelisha, anayegeuza mgonjwa, anayepangusa. Mimi nilisimama mlangoni nimeipa wodi mgongo, kikapu cha chakula mkononi. Nesi mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto akanipata pale.

"Wewe mzee! Mama anakaa na njaa na wewe umesimama hapo? Ingia umlishe!"

"Sista, siwezi."

"Huwezi nini? Huna mikono?"

Wodi nzima ikanigeukia. Ningesema nini? Ningeanza kueleza mambo ya ensoni mbele ya watu na mama mwenyewe anasikia? Nikampa kikapu mwanamke aliyekuwa anamwuguza dadake kitanda cha jirani, nikamwomba kwa macho. Mwanamke wa watu alikuwa na roho safi. Alijaribu. Lakini mama alifunga mdomo, akageuza uso ukutani.

Nikatoka nje, nikazunguka jengo, nikasimama dirishani. Nilitaka kuona kijiko kikiingia. Hicho tu. Nione kijiko kimoja kinaingia, nimpigie mke wangu simu nimwambie. Kijiko hakikuingia. Wakamjaribu na maji, akameza vizuri, koo halikuwa na shida. Ukija wakati wa chakula, mdomo unafungwa. Leo hivyo, kesho hivyo. Mashavu yakaanza kuingia ndani, macho yakawa makubwa. Daktari, kijana mpole, akanifuata kwenye veranda akanieleza kwamba tukiendelea hivi atalazimika kumpitisha mpira wa kulishia puani, na kwamba wengine wakifika hapo wanakata tamaa kabisa. Aliniambia kwa upole lakini nilimsikia.

Jamani, nilitembea. Nilitoka dirishani nikaenda getini, getini nikaenda bombani, bombani nikarudi dirishani. Mama wa usafi akaniambia nitamchakazia sakafu ya veranda. Askari wa geti akasema kama ni kuingia na kutoka basi aniachie ufunguo nijifungulie mwenyewe. Simu ikawa inalia mfukoni.

"Amekula?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ni nini? Amekula ama hajakula?"

"Hajakula."

Halafu nasikia mtoto analia nyuma yake. "Maziwa yangu yanakauka," mke wangu aliniambia siku moja. "Nikimfikiria mama yanakauka. Niambie ukweli, mama yangu anakufa?" Nilikata simu, baadaye nikasema mtandao ulipotea. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Ndipo akaingia zamu yule nesi mwingine.

Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, sweta ya buluu iliyochakaa viwiko, Mkipsigis wa upande wa Mulot. Nilimjua kwa namna alivyowasalimia wagonjwa. Wenzake walinikuta dirishani wakanifokea. Yeye alikuja akasimama kando yangu, akatazama nilikokuwa natazama.  Mimi kukaa kimya na mtu kunanisumbua, kwa hiyo nikaanza kubadilisha miguu.

"Huyo ni mama yako?" akauliza mwishowe.

"Ni mama ya mke wangu."

"Aaa."

Akanitazama, akamtazama mama, akanitazama tena.

"Na ukisimama hapa, yeye anakuona?"

"Sijui, sista. Mimi simwangalii yeye. Naangalia kijiko."

Akacheka, si kwa dharau, akaingia ndani. Nikadhani anakwenda kujaribu kumlisha kama wengine. Lakini hakushika kikapu. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka shavu lake kwenye ukingo wa mto wa mama, vichwa vyao viwili vikakaribiana, akatazama kule mama alikokuwa anatazama. Na macho yake yakakutana na yangu. Pale alipokuwa, dirisha zima lilikuwa mimi.

Alitoka akinipungia kidole.

"Mzee, ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Ni wewe unamfunga mdomo. Mlango ni wewe, dirisha ni wewe. Atakula aje na mkwe wake ananing'inia hapo kila saa ya chakula? Hata kwetu, bwana yangu akifika kwa mama yangu, mama anaacha sahani anaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka aondoke."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Siku zote hizo nimejisifu moyoni kwamba nimeshika mila, sijaingia, sijamgusa, sijaona kitanda. Kumbe macho yangu yalikuwa yameingia ndani, yamekaa juu ya kijiko chake. Na yule mama, nusu ya mwili imekufa, nusu iliyobaki ilikuwa inalinda heshima yangu na yake. Alikuwa tayari kufa njaa kwa adabu.

"Sasa toka," nesi akasema.

"Niende wapi?"

"Pale kwa kamba za nguo, nyuma ya ile mikaratusi. Kaa huko. Usichungulie. Akishakula nitaweka hii hapa dirishani." Alikuwa ameshika beseni la plastiki la manjano, la kunawia mikono.

"Na asipokula?"

"Basi hutaona beseni. Na usirudi kuniuliza."

Nikaenda. Kulikuwa na jiwe kubwa la kufulia, nikakaa, nikainuka, nikakaa. Mawingu yalikuwa yamekusanyika tangu saa sita, na kama kawaida ya huku hayakutoa taarifa. Ikaanza mvua, halafu ikageuka mvua ya mawe. Veranda ilikuwa karibu, lakini ukisimama kwenye veranda ile unaonekana kitandani. Nikabaki chini ya miti, sweta juu ya kichwa, mawe yananigonga mabega, nimelikodolea macho dirisha tupu.

Nilimkasirikia kila mtu. Nilimkasirikia baba kwa kuja na mila zake zote. Nilimkasirikia mama wa watu, nikasema kwa sauti, nani anakufa kwa sababu ya adabu? Halafu nikajiuliza, na wewe je, angekuwa anazama mtoni ungempa mkono?  Nikaanza kuomba, lakini hata maombi yangu yalikuwa ya mtu wa haraka. Nilisema tu, Mungu wangu, beseni. Beseni, beseni, beseni.

Dirisha likabaki tupu. Mvua ya mawe ikapungua ikawa mvua ya kawaida. Nikainuka kwenda kuuliza, nikakumbuka, nikarudi. Nikainuka tena. Nilipogeuka kurudi kwenye jiwe mara ya mwisho, niliona kitu cha manjano kwa pembe ya jicho.

Nilikaa palepale kwenye jiwe lililolowa nikalia kwa sauti. Sioni haya kusema.

Nesi alinikuta kwenye veranda natetemeka, akanicheka kwanza, kisha akanipa chai ya rangi kutoka chupa yake mwenyewe. "Amekula uji nusu kikombe," akasema. "Pole pole, lakini ameumeza wote. Tena ameniuliza kitu, mdomo bado ni mzito lakini nimeelewa. Anauliza kama mtoto ananyonya."

Nilimpigia mke wangu simu, nikamwambia maneno hayo na si mengine. Alilia, na mtoto akalia, na safari hii sikukata simu.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yangu. Chakula kikiletwa, mimi nakwenda kwenye kamba za nguo. Yule nesi alimlisha kwa saa yake ya mapumziko, na sahani yake mwenyewe ikamngoja mpaka ikapoa. Alivuta pazia kila alipompangusa, hata kama hakuna mwanamume wodini. Alimfundisha kufinya kitambaa kwa mkono uliolala. Aliokota maneno ya Kigusii kwa yule mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyekuwa anakijua kidogo, akawa anayatamka vibaya mpaka mama anacheka kwa upande mmoja wa uso. Wenzake aliwaeleza, na yule mwenye sauti kubwa akanifuata akaniambia, "Sasa mzee, si ungesema tu?" Nikamwambia, ningesema aje? Siku nesi wangu hakuwa zamu, beseni liliwekwa na huyo huyo mwenye sauti, tena aliligonga kwa kijiko nisikie.

Nilijaribu kushukuru. Mke wangu alitayarisha maziwa lala, yaani ya mgando, kwenye kibuyu, jirani yetu Mkipsigis akatusaidia kukipaka kibuyu ndani masizi ya mti inavyotakiwa kwao, nikampelekea. Aliyanywa amesimama, akapangusa mdomo, akasema yamekolea, akarudi kazini. Nikabaki na kibuyu kitupu na shukrani zangu zote bado ziko kooni. Nilikuwa nimepanga hotuba. Kila nikianza anaitwa kitanda kingine.

Leo mama yuko hapa, chumba chake kile kile cha jikoni. Anatembea kwa fimbo, mguu unaburuta kidogo, na anamfokea ng'ombe kwa lugha ambayo ng'ombe haelewi. Saa ya chakula ikifika natoka nje ya boma langu mwenyewe, nazunguka kwenye chai, naangalia kama kuna matawi ya kupogoa hata kama hakuna. Mke wangu akitundika beseni kwenye ua narudi. Watu wanapita barabarani wanaliona beseni hilo wanadhani tunauza kitu.

Lakini kinachonifanya niandike haya yote ni siku tuliyotoka hospitali.

Daktari aliturudishia mgonjwa wetu mchana. Majirani wanawake waliokuwa waje kumbeba walikwama njiani. Mzee wa gari alikuja peke yake, na mgongo wake ni mbovu, hainui hata ndoo. Njia ya kutoka wodini ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba, tope tupu, kiti cha magurudumu kilizama hatua chache tu kutoka mlangoni. Na mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa msitu. Ikinyesha, mlima wa kwetu haupandiki. Nilikuwa nazunguka gari, nafungua mlango, naufunga, nafungua. Mzee akaniambia nitauvunja.

Nesi alitazama tope, akatazama mawingu, akanitazama. Akaingia ndani akavuta pazia. Nikasikia sauti zao mbili, ya chini na ya chini zaidi, kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Alipotoka hakuwa anacheka.

"Nimeongea na mama," akasema. "Sasa sikiliza. Pale kitandani kuna mzigo wangu. Nimeufunga mwenyewe. Si mkwe wako, ni mzigo wangu, na mimi siwezi kuubeba peke yangu. Naomba unisaidie kuupeleka kwa gari. Umeelewa?"

Nilielewa. Miguu ndiyo haikuelewa.

Alikuwa amemfunga kwa blanketi kutoka miguuni mpaka shingoni, mikono ndani, na juu ya kichwa na uso amemfunika leso, imelegezwa kidogo puani apate hewa. Hakuna ngozi iliyoonekana, hata ukucha. Kitanda chenyewe alikuwa amekwisha kukitandika shuka safi, nisione alipokuwa amelala. Nikainama, nikapitisha mikono chini ya ule mzigo, nikauinua. Mungu wangu, alikuwa mwepesi. Magunia ninayobeba kila siku yana uzito kuliko yule mama aliyemzaa mke wangu.

Tukatoka. Nesi alitangulia kwenye tope akinitafutia pa kukanyaga, kwapani ameshika beseni la manjano. Alisema twende nalo nyumbani, tutalihitaji. Mimi nilimfuata, na kwa sababu ya tope na kwa sababu ya woga nilikwenda polepole, na moyo ulikuwa unanipiga kiasi kwamba niliogopa mama ataisikia ile ngoma kupitia blanketi. Nilitaka kufika. Nilitaka niwe nimeshafika, niwe nimeshamshusha, yaishe.

Katikati ya njia, chini ya leso, sauti ikatoka. Ilikuwa nzito, maneno yakigongana, lakini ilikuwa sauti ya jikoni kwangu, ikiongea na hewa.

"Kama kuna mtu amechoka," ikasema, "apumzike."

Sikuwa nimechoka. Lakini nilisimama. Nilisimama katikati ya tope na mama yule mikononi mwangu, matone ya kwanza ya mvua yanaanza kuanguka, na goti langu halikucheza. 

Nesi alisikia nyayo zangu zimenyamaza. Hakugeuka. Alisimama naye, ametupa mgongo, akatazama ile mikaratusi ya kwenye kamba za nguo na mvua inamlowesha sweta, akatungoja mpaka niliposikika nimeanza kutembea tena.